Wanauliza Mara Moja Tu

Zena mwanangu,

Salamu nimekuwekea za kesho bandarini, mbele ya watu, na nitazitoa kwa sauti hata makuli waweke mizigo chini wasikilize. Karatasi hii haina nafasi ya salamu. Nimefunga karakana mapema, mafundi wangu nimewaambia waende zao, nimeyasukuma maranda upande mmoja wa meza, na sasa naandika kwa kalamu ile ya kuchorea mbao. Ukiona maandishi yamenenepa usidhani nina hasira. Kalamu ni nene. Hasira pia ninayo, lakini hiyo tutaifikia.

Mambo ya sweta, na usilale na nywele mbichi, na usile kitu hukijui kimetoka mnyama gani, mama yako amekueleza wiki tatu mfululizo hata mimi nimeyahifadhi. Dada yangu akishika jambo halibakizi. Mimi simo humo. Tena unajua kisomo changu: darasa la nne, na hilo la nne nililipenda mno hata nikalisoma miaka miwili. Kwa hiyo sikuandikii kama mwalimu. Walimu utawakuta huko, wamejaa, na wewe mwenyewe mwalimu.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno moja nisipokwambia leo utafika London uligundue peke yako, na wakati huo mimi sipo mbele yako nikutazame machoni.

Hapa Keko, na mpaka Temeke kwa baba yako mkubwa, hakuna asiyejua kwamba Salumu fundi amekaa Ulaya. Umelelewa juu ya hadithi hizo. Nimekusimulia jinsi ukungu wa London ulivyokuwa mzito, nikaupiga randa, nikatoa kipande nikakitia mfukoni. Nimekusimulia Mfalme alivyopita ndani ya gari akanivulia kofia kwa sababu ya suruali yangu ilivyopigwa pasi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza kipande cha ukungu kiko wapi, nami nikikujibu kiliyeyuka Suez. Hizo za kucheka hazinisumbui. Ya kofia ni uongo, lakini farasi wa Mfalme nilimwona kweli, kwa upande wa nyuma.

Inayonisumbua ni ile moja kubwa. Ile ya mimi kuwakatalia Wazungu.

Unaijua kama unavyoijua Alfatiha. Kwamba walinibembeleza nibaki kwao niwafundishe useremala, wakanishika mikono yote miwili, nami nikawaambia hapana, mie ni mtu wa kwetu, nina watu wangu, siuziki. Kila mwaka niliiongeza chumvi kidogo. Na siku hizi, vijana wanapokaa kwa kinyozi wakazungumza habari za nchi hii itakuwa ya nani, wananionyesha kwa kidole: yule mzee pale alimwambia Mzungu hapana usoni kabla sisi hatujazaliwa. Nami natembea pale kama jogoo.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Kwanza, sikuitwa na serikali. Kulikuwa na bwana mmoja wa kazi za majengo, nikimtengenezea milango. Alipokwenda likizo kwao, miaka miwili kabla ya vita hii iliyokwisha, alinichukua nimpikie na nimpigie pasi njiani. Nilikwenda kama boi, Zena. Alipofika kwao akakuta ana dada watatu wa kumpikia, hana haja na mimi, akanipeleka kwa shemeji yake mwenye karakana ya makabati nifanye kazi miezi minne mpaka meli ya kurudi. Shemeji huyo aliitwa Alfredi. Mfupi, mikono mikubwa kama kafi, haongei. Nikapangishiwa chumba cha juu kwa mjane mmoja mnene ambaye aproni yake sikuwahi kuiona imevuliwa.

Jioni ya kwanza mama huyo alipanda ngazi na sahani. Viazi, njegere, na nyama inatoa moshi. Nikamuuliza nyama gani, akaniigizia mlio wa kondoo, tukaelewana. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Akaniuliza, "Utakula?"

Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kama alivyonifundisha bibi yako Mungu amrehemu, nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba."

Wewe unajua kwetu ilivyo. Huwezi kuingia nyumba ya watu ukarukia chakula kama hujawahi kukiona. Unasema umeshiba. Mwenye nyumba anasema haiwezekani, usinifedheheshe, onja japo tonge moja. Unakataa tena, safari hii kwa sauti ndogo. Anakuvuta mkono. Ndipo unanawa, unakula mpaka unakomba sinia, na kila mtu ameheshimika. Yule mama aliitikia, "Vizuri," akageuka na sahani yake, akashuka nayo. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba nasikiliza ngazi zikilia moja moja, na harufu ya kondoo inamfuata.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakuleta. Nikawa nanunua mkate nautafuna kitandani kama panya.

Ungesema basi hapo nikashuka chini nikamwambia, mama, nina njaa. Mjomba wako? Mimi niliyekuwa najua kila kitu tangu utotoni? Yule mama akamshitakia Alfredi kwamba mtu wenu hali, ataniletea msiba nyumbani. Alfredi akaniuliza kulikoni. Nikamjibu, kifua mbele, kwamba kwetu mwanamume kamili hula mara moja tu kwa siku. Akastaajabu, akaitangaza karakana nzima. Tangu siku hiyo nikaletewa sahani moja, saa sita ya mchana, kwa heshima zote, na jioni nikafunga. Miezi minne. Hapa niliporudi wakasema Salumu mbona umekonda, nikawaambia baridi ya kule inakula nyama ya mtu.

Kuoga je. Nilimwaga maji kwa kopo katikati ya chumba, kama ninavyooga uani kwangu, yakapita kwenye nafasi za mbao yakamdondokea mpangaji wa chini ndani ya chai yake. Akapanda mbio akidhani paa limepasuka. Nikamwambia ni mambo ya dini. Ningeweza kumuuliza watu hapa wanaogea wapi, angenionyesha, kilikuwepo chumba kizima cha kuogea mlango wa tatu. Nilikigundua juma la kumi na tatu.

Unaona ninavyokueleza. Watu wale hawakunitendea ubaya. Wapo waliokuwa wabaya, mmoja alihama kiti ndani ya basi nilipokaa karibu naye, nami nikatanua miguu nikakaa viti vyote viwili kwa raha zangu mpaka mwisho wa safari. Hao usiwape hata dakika. Lakini aliyeninyima chakula cha jioni miezi minne ni mimi.

Na sahani ni jambo dogo.

Alfredi alikuwa na kabati lake la droo. Mbao tupu na gundi, halina msumari hata mmoja. Ukiisukuma droo ya juu polepole, ile ya chini inatoka yenyewe, inasukumwa na hewa, maana zimekaa sawasawa hata pumzi haina pa kupita. Siku niliyoiona ile droo ikitoka bila kuguswa, Zena, nilishikwa na kitu. Nilikuwa fundi tayari, nina watu wananiita fundi barabarani, na hapo nikajua sijaanza. Nikawa nakwenda asubuhi kabla ya wenzangu niisukume tena. Sijawahi kutamani mwanamke, wala shamba, wala kitu chochote, kama nilivyotamani kuijua kazi ile.

Miezi minne ilipokaribia kwisha, Alfredi alikuja siku moja ya Ijumaa anafuta mikono kwa kitambaa. Akasema, "Salumu, ipo nafasi hapa ya miaka miwili. Utajifunza kazi yote, mpaka mwisho. Unaitaka?"

Nikaweka mkono kifuani. Nikasema, "Ahsante bwana, hapana, nisije nikakusumbua."

Utaniuliza, mjomba, hukuwa umejifunza kwenye ile sahani? Nilikuwa nimejifunza kwa tumbo. Mdomo ulikuwa bado wa bibi yako. Neno lilitoka lenyewe kama chafya, na nilipolisikia nikajua. Alfredi akanitazama kidogo, akasema vizuri, akaenda kunoa patasi.

Nikafanya kazi polepole siku ile nzima, karibu yake, ili anivute mkono. Nikachelewa kutoka. Nikasimama mlangoni nikifunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa. Jumatatu akaingia na mtu mwingine, kijana wa kwao, akampa meza yangu.

Hapo ndipo panaponiuma, si kwenye lile neno la Ijumaa. Lile adabu ililisema. Lakini meli ilikuwa na siku tisa bado. Siku tisa, kila asubuhi napita mbele ya mlango wa ofisi yake, mlango wenyewe haufungwi, naye amekaa pale anakunywa chai. Neno lililotakiwa ni moja: naitaka. Kiingereza chake nakijua. Nilikifanyia mazoezi ngazini. Nikapita mara tisa. Niliona nikirudi kuomba kile nilichokikataa nitaonekana sina msimamo, nitaonekana mtu wa njaa. Basi adabu ilinifunga siku moja, na zile tisa nilijifunga mwenyewe kwa kiburi, tena kwa fundo la kiseremala.

Niliposhuka hapa bandarini mtu akaniuliza mbona mapema. Nikasikia mdomo wangu unasema walinibembeleza nikawakatalia. Watu wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo sikupata nafasi ya kurudi nyuma.

Nimeishi vizuri, usinihurumie. Milango yangu haipindi, vitanda vyangu watu wamezaliana juu yake kuanzia Kinondoni mpaka Mbagala na havijalia. Lakini Sharifu mwenye duka la vitambaa aliponiletea kabati lake la Ulaya, droo zimekwama, nililizunguka siku mbili, kisha nikamrudishia nikamwambia mbao zake takataka. Mbao zilikuwa nzuri. Ni mimi niliyekuwa siwezi.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo kwenye ile hasira.

Mwezi uliopita, siku moja kabla ya kikao cha ukoo, ulikuja hapa karakana, ukakaa juu ya hili benchi ninaloandikia. Ukaniambia chuo chako kina njia mbili, na ukishafika, juma la kwanza, watakuuliza unachukua ipi. Ya mwaka mmoja, ya mapishi na ushonaji na kutunza watoto. Au ya miaka mitatu, ya hesabu na sayansi, ukirudi ufundishe wasichana wakubwa kile ambacho hapa wanafundishwa wavulana tu. Ukasema, "Mjomba, nisemee. Mimi nataka mitatu." Hukuzunguka. Nami nikacheka, nikapiga kifua, nikakwambia niachie mie. Aliyewakatalia Wazungu atashindwa na baba yako mkubwa Kondo?

Kesho yake tukaenda Temeke kwa baba yako mkubwa. Mzee Kondo akasema mwaka mmoja unatosha, mitatu binti atarudi kizee, nani atamwoa. Akakugeukia akakuuliza wewe mwenyewe unasemaje. Ukatazama mkeka, ukasema, "Mtakavyoona nyie wazee." Nilikusikia. Nilikujua. Ulikuwa umeweka mkono kifuani, Zena, ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa unangoja uvutwe mkono, au mimi niseme.

Mzee Kondo akanigeukia mimi. "Salumu, una neno?"

Nikajibu, "Hapana, nyie mmeshasema."

Ndivyo nilivyojibu. Mjomba katika nyumba ya upande wa baba haropoki. Huulizwa, hukataa, husihiwa, ndipo hutoa neno, na neno lake likitoka hivyo huwa na uzito. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye mifano. Nikangoja nisihiwe. Yeye akasema alhamdulillahi, tumemaliza, akaita pilau. Miaka yote ile imepita, na mimi bado nimesimama mlangoni kwa Alfredi nafunga viatu. Safari hii niliyemponza ni wewe. Tulipotoka ulinipa shikamoo ya kuagana kwa adabu ile ile, hukuniuliza kitu, na ukanibebea kofia yangu mpaka barabarani. Afadhali ungenitukana.

Leo asubuhi nimekwenda Temeke. Sikungoja kukaribishwa, nimeingia nikasema nikiwa wima: Zena atasoma miaka mitatu, mimi mjomba wake nimesema. Mzee Kondo alikuwa na wageni wawili, wakaacha kutafuna. Akaniuliza kwa upole mbona siku ile sikuwa na neno. Nikamwambia neno nilikuwa nalo, niliona haya kulitoa. Akasema, "Haya zako haziwezi kuvunja kikao, Salumu. Kikao kimesema mmoja." Nikamwambia kikao hakikusema, kilimsikia Kondo na wengine tukanyamaza. Akaniambia nimelewa hadithi zangu, nadhani naye ni Mzungu wa kukataliwa. Hilo liliniingia, kwa sababu lilikuwa kweli kuliko alivyojua. Basi nikamwambia yote, mbele ya wageni wake: boi, sahani, Alfredi, siku tisa. Niliona uso wa mgeni mmoja ukibadilika, ni yule jamaa wa Kinondoni anayenisimuliaga kwa watu. Kufika magharibi itakuwa imeenea mji mzima. Na iende.

Mzee Kondo hajabadilika. Amesema ukikaa zaidi ya mwaka, upande wake hautakuja kukupokea. Sikufichi, ni mtu wa kutimiza neno lake. Kesho atakuja bandarini, atakuombea dua, na dua yake itakuwa ya kweli, maana anakupenda. Humo ndani atakukumbusha mwaka mmoja, nawe utaitikia amina kwa sababu huwezi kubishana na dua. Itikia. Amina ya bandarini si jibu la chuo.

Mama yako nimemweleza niliporudi. Amelia kidogo. Kisha amesema, "Kumbe ulikuwa na njaa muda wote ule," akaenda kunipakulia. Juu ya miaka mitatu hakusema kitu, lakini sweta ya tatu ameanza kuifuma mchana huu, na sweta mbili zilikuwa zinatosha mwaka.

Kwa hiyo, Zena. Utafika, kutakuwa na giza saa tisa ya mchana, miguu itakuwa baridi hata ukiwa umekaa juu yake, utamwamkia mtu ngazini naye atapita kama umemwamkia mwenzake. Utadhani umeingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Hukuingia hivyo. Mtihani uliufanya, wavulana walikaa chumba kile kile na wewe, majina yao hayakutoka, lako lilitoka. Kaa kiti chote.

Na juma lile la kwanza kutakuwa na bibi mmoja nyuma ya meza, ana karatasi nyingi, na wanafunzi wengine nje wanangoja. Atakuuliza kwa adabu, na atauliza mara moja tu, si kwa ubaya, ndivyo walivyo. Utasikia mkono unapanda kifuani. Utasikia sauti ya bibi yako, na ya Mzee Kondo, na pengine yangu mie, zote zinakwambia useme, "Vyovyote mtakavyoona." Ushushe ule mkono uuweke juu ya meza. Jibu kabla mdomo haujakumbuka malezi.

Na likitoka neno lisilo lenyewe, kama lilivyonitoka mimi, toka nje, pumua, ufungue mlango ule ule urudi ndani siku hiyo hiyo. Waache wakuone huna msimamo. Waache wacheke.

Mwenye nyumba pia atakuuliza kama utakula. Hilo unalijua sasa.

Karatasi hii itunze pamoja na pasi yako ya safari. Wakisema huko kwamba mlezi wako ametaka mwaka mmoja, watolee hii, na kama hawajui Kiswahili wasomee kwa Kiingereza. Mimi Salumu, ndugu wa mama yako tumbo moja, niliyekulea tangu baba yako alipofariki ukiwa hujaota meno, naandika nikiwa na akili zangu timamu kwamba binti huyu anayo ruhusa yangu ya miaka mitatu. Sikuitoa kwenye kikao. Naitoa hapa.

Na ikiwa ukifika pale, ukajitazama mwenyewe bila mimi wala Kondo, ukaona kwa moyo wako kwamba ni ule wa mwaka mmoja unaoutaka, basi sema mmoja, uuseme kwa sauti. Mimi nitakuwa nimegombana na Mzee Kondo bure, na haitakuwa mara ya kwanza.

Mjomba wako,
Salumu fundi, Keko